Somo letu: Kifungo cha shati na dazeni kumi na nne



Katika mkutano wa tawi mama mmoja mchuma chai alinyosha mkono akasema kwamba masomo ya chama ni mazuri, ila kila mara ni vifungu vya sheria, na yeye vifungu havimkai kichwani. Akaomba tulete somo juu ya kitu anachokishika kwa mkono wake kila siku. Watu wakacheka. Mimi nikatazama shati langu, nikaona cha pili kutoka juu kimekatika, nikasema haya, somo lijalo litakuwa juu ya kifungo.

Wengine waliona ni mzaha. Lakini nilipoanza kusoma na kuuliza nilikuta kwamba kitu hiki kidogo kina habari kubwa, tena habari inayotuhusu sisi tunaolipwa kwa kilo, kwa mzigo au kwa dazeni. Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja kwa kifungo cha shati na kifungo cha gerezani. Pwani wengi husema kishikizo, na pengine wanafanya vizuri. Mimi nitasema kifungo, kwa sababu ndivyo tunavyosema huku, na sisi tunaosoma ukurasa huu wa Kiswahili tumetoka pande nyingi, wengine Toro na Kigezi, wengine Rwanda, wengine Kongo, wengine Kenya, na neno hili sote tunalielewa.

Kifungo ni cha zamani sana. Katika miji ya kale ya bonde la mto Indus, huko Bara Hindi, wachimbaji wamekuta vifungo vilivyotengenezwa kwa magamba ya baharini, vya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Lakini vile vilikuwa pambo. Kufunga nguo kwa kukipitisha kifungo katika tundu lililoshonwa kingo zake kulienea Ulaya katika miaka ya 1200 na baadaye, na kwa muda mrefu vifungo vingi vilikuwa mali ya wenye fedha. Maskini alifunga nguo kwa kamba, kwa mkanda au kwa mwiba. Mambo ya wafalme na vifungo vyao vya dhahabu nayaacha, maana hayatusaidii. Nataka twende moja kwa moja mahali kifungo kilipokuwa kitu cha kila mtu, na tuone ni nani aliyekilipia.

Mahali penyewe ni mji mdogo wa Marekani uitwao Muscatine, katika jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi.

SHERIA YA USHURU

Nyakati hizo kifungo kizuri kilikatwa katika lulumizi, yaani ile sehemu ya ndani ya gamba inayong'aa kama lulu. Magamba yalitoka bahari za mbali, yakapelekwa Ulaya, na huko mafundi wakayakata. Mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, ulikuwa na maelfu ya watu waliokula kwa kazi hiyo, na vifungo vyao vingi viliuzwa Marekani.

Mwaka wa 1890 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru wa forodha iliyopewa jina la mbunge William McKinley, ambaye baadaye alikuwa Rais. Ushuru wa vifungo kutoka nje ulipandishwa sana. Mara moja mafundi wa Vienna walikosa kazi, wakaingia katika njaa kali. Hawakuwa wamegoma, hawakuwa wamekosa. Watu wasiowajua, ng'ambo ya bahari, walikuwa wamenyosha mikono bungeni. Nawaomba mlikumbuke hili mnaposikia redioni habari za ushuru wa chai au wa nguo mkadhani ni mambo ya mawaziri peke yao.

Sasa palikuwa na fundi mmoja Mjerumani kutoka upande wa Hamburg, jina lake John Boepple. Alikuwa amehamia Marekani mwaka wa 1887. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kukereza vifungo vya pembe, mfupa na magamba. Alijua kwamba mito ya Marekani ina kome wakubwa, wenye magamba mazito na lulumizi nyeupe. Husemwa kwamba aliwagundua alipokuwa akioga mtoni, gamba likamkata mguu. Kabla ya sheria ile, kifungo cha mtoni kisingeweza kushindana kwa bei na kile cha Ulaya. Baada ya sheria, kiliweza. Mwaka wa 1891 Boepple alifungua karakana yake Muscatine, na mashine ya kukereza aliyoianzia ilizungushwa kwa mguu, kama cherehani ya fundi wetu wa sokoni.

Wenye fedha waliona, wakaiga. Katika muda wa miaka kumi hivi viwanda vilijaa katika miji ya kando ya mto ule. Mafundi wa mji wenyewe, jamaa ya Barry, walibuni mashine iliyoendeshwa kwa mtambo, iliyochonga uso wa kifungo na kutoboa matundu kwa mfululizo. Kufikia mwaka wa 1905 Muscatine peke yake ilitoa vifungo karibu milioni 1,500 kwa mwaka, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vyote vya dunia kwa hesabu za wakati ule. Wakajiita mji mkuu wa vifungo vya lulu duniani. Boepple mwenyewe, aliyeanzisha yote, aliiacha kampuni mikononi mwa wabia wake, na utajiri ule haukuwa wake. Alikuwa fundi hodari, lakini ufundi na mtaji si kitu kimoja.

KAZI ILIVYOGAWANYWA

Tufuate gamba moja kutoka mtoni.

Kome hukaa chini ya maji amejizika nusu katika mchanga, mdomo wazi, akichuja chakula kutoka katika maji yanayopita. Mvuvi alikuwa na mashua yenye fito ndefu, na katika kila fito zilining'inia nyuzi nyingi zenye ndoana za waya zisizo na chambo. Mashua ilishuka na mkondo, ndoana zikiburutwa chini. Ndoana ikigusa ndani ya kome, anafumba kwa nguvu, na hapo amejikamata mwenyewe. Mvuvi anavuta fito, imejaa kome kama mkungu wa ndizi.

Ufukweni kome walichemshwa ili wafunguke. Kazi ya kutoa nyama mara nyingi ilikuwa ya wanawake na watoto, na nyama wakapewa nguruwe au ikatupwa ikaoza. Mara mojamoja mtu alikuta lulu ndani, na habari ya lulu moja ilivuta watu mia kuja mtoni. Magamba yaliuzwa kwa tani.

Kiwandani magamba yalilowekwa katika mapipa ya maji kwa siku nyingi, kwa kuwa gamba kavu hupasuka. Kisha yakafika kwa wakataji, ambao walikuwa wanaume. Mkataji alisimama mbele ya mashine yenye msumeno wa duara mfano wa kipande cha bomba chenye meno. Alilishika gamba kwa koleo, akalisukuma katika msumeno, kikatoka kisahani cha mviringo. Akaligeuza gamba, akakata kingine, na kingine, mpaka gamba limebaki matundu matupu. Mkataji mzuri ni yule aliyejua kuliweka gamba ili lisipotee bure.

Maji yalirushwa juu ya msumeno ili kupunguza joto na vumbi, na mkataji alifanya kazi akiwa amelowa, hata katika baridi ya huko ambayo hugandisha mto. Vumbi lililobaki liliingia kifuani. Koleo likiteleza, kidole kiko karibu na meno ya msumeno, na jeraha lenye uchafu wa gamba lililooza huvimba vibaya. Wenzetu wa viwanda vya mkonge na vya miwa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka kwa wakataji visahani vilikwenda kwa wanawake na wasichana. Wao waliendesha mashine za kuchonga na kutoboa, wakachambua vifungo kwa ubora, wakavishona katika kadi za kuuzia. Walilipwa chini ya wanaume. Kadi nyingine zilipelekwa nyumbani, zikashonwa na mama pamoja na watoto baada ya chakula cha jioni. Kung'arisha kulifanywa katika mapipa yanayozunguka yenye asidi, na harufu yake watu waliizoea, kwa maana ya kwamba hawakuwa na la kufanya.

Nimeeleza haya kwa urefu ili muone kwamba kifungo kimoja kilipita katika mikono mingi, na kila mkono ulilipwa kwa hesabu. Na katika hesabu ndipo palipokuwa na jambo.

DAZENI KUMI NA NNE

Vifungo huhesabiwa kwa grosi. Ndugu wa viwanda vya nguo wanajua, maana mpaka leo vifungo huja kiwandani kwa grosi. Grosi ni dazeni 12, yaani vifungo 144. Mkataji wa Muscatine alilipwa kwa kila grosi ya visahani alivyokata.

Lakini grosi ya mkataji ilikuwa na dazeni 14.

Wenye viwanda walisema hivi: gamba ni kitu cha asili, halina usawa, baadhi ya visahani vitatoka vyembamba au vyenye ufa, kwa hiyo mkataji aongeze dazeni mbili kufidia vibovu. Ukisikia kwa mara ya kwanza unaona ni haki. Mimi nisingependa kuwaficha kwamba hoja hiyo ina kweli ndani yake, kwa sababu ni kweli gamba halina usawa. Ila tuweke hesabu.

Dazeni 14 ni visahani 168. Kutoa 144 kunabaki 24. Hivyo 24 mkataji amevikata, kwa maji yale yale na vumbi lile lile, lakini havina malipo. Akilipwa grosi sita, visahani vya ziada ni 24 mara 6, yaani 144. Hiyo ni grosi nzima. Basi aliyelipwa grosi sita alikuwa amekata saba. Katika kila visahani saba, kimoja kilikuwa cha tajiri bure. Kwa mtu aliyefanya kazi saa 60 kwa juma, saa nane na nusu hivi zilikwenda bila senti.

Na je, vile 24 vyote vilikuwa vibovu? Hapo ndipo penyewe. Kama vibovu vingetolewa mbele ya mkataji, vikahesabiwa, vikatupwa, kila mtu angeona ni vingapi. Ukikata gamba zuri ukapata visahani 168 vizima, vyote 168 vilikwenda kwenye mashine, vikawa vifungo, vikauzwa. Muuzaji hakumpa mnunuzi dazeni 14 kwa bei ya 12. Grosi ilikuwa kubwa ilipoingia mlango wa kiwanda na ndogo ilipotoka.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini, kwa kuwa nilikumbuka gunia.

Nilipokuwa kijana nilichuma chai katika shamba moja ambalo sitalitaja. Tulipima majani mara tatu kwa siku. Kila mara karani aliondoa kilo mbili, akasema ni za gunia na za maji. Majani yakichumwa asubuhi na umande yana maji kweli, hata mimi sikatai. Lakini kilo mbili ziliondolewa saa nane mchana pia, jua likiwa kali na majani yamekauka. Kilo sita kwa siku. Kwa siku 26 ni kilo 156 kwa mtu mmoja, na gengi letu lilikuwa na watu 40. Tulinung'unika miaka. Siku moja mama wawili walichukua gunia tupu, wakalitumbukiza kijitoni, wakalining'iniza kwenye mizani mbele ya karani na nyapara, wakasema, "Karani, soma." Mshale haukufika kilo moja. Hakuna aliyepiga kelele. Karani alitazama mshale, akatazama chini.

Haikuisha siku hiyo, msije mkadhani. Ilichukua miezi mingi ya barua na vikao, na mmoja wa wale mama alihamishiwa kitalu cha mbali kwa sababu hiyo. Mwisho makato yakawa kilo moja asubuhi, na mchana uzito wa gunia tu, na mjumbe wa wafanyakazi akasimama kando ya mizani. Jambo lile la kusimama kando ya mizani ndilo lililokuwa gumu kupatikana kuliko hata zile kilo.

MGOMO WA MWAKA WA 1911

Wafanyakazi wa Muscatine nao walinung'unika miaka. Chama kilikuwa kimejaribiwa mara kadhaa kikavunjika. Sababu moja ni kwamba wakataji waliona kazi yao ndiyo ufundi, na wasichana wa mashine wakawa kama si wenzao. Mwishoni mwa mwaka wa 1910 waliunda chama cha wote, wanaume kwa wanawake, kilichoungana na Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani, AFL. Watu walijiunga kwa wingi. Madai yao yalikuwa malipo bora, hesabu ya haki, karakana safi, na wasichana waache kusumbuliwa na wasimamizi. Hili la mwisho halikuandikwa kwa herufi kubwa, lakini lilikuwapo, na kina mama wanaosoma wanajua nasema nini.

Waajiri hawakungoja mgomo. Tarehe 25 Februari 1911 walifunga viwanda, wakawaacha nje watu wapatao 2,500. Huku si kugoma, ni kufungiwa nje, na tofauti yake lazima ijulikane. Katika mgomo mfanyakazi anaondoa mikono yake. Katika kufungiwa nje mwajiri anaondoa kazi, akijua kwamba ghala lake lina akiba na chungu chako hakina.

Viwanda vilipojaribu kufunguliwa kwa watu wengine, palitokea mapigano. Walinzi wa kukodiwa waliletwa kutoka nje ya mji. Mwezi wa Aprili Gavana wa Iowa, Beryl Carroll, alipeleka askari wa jimbo. Hebu fikirini mji mdogo ambapo karibu kila nyumba ina mtu wa vifungo, na sasa mitaani kuna bunduki. Mwezi wa Mei makubaliano yalifanywa, watu wakarudi kazini. Haikuchukua muda chama kikalalamika kwamba waajiri hawafuati walichokikubali na kwamba wanachama wanaachwa nje. Majira ya kupukutika majani yalipofika mwaka ule ule, mgomo ulianza tena.

Katika mambo haya alijitokeza msichana jina lake Pearl McGill. Pearl kwa lugha yao maana yake ni lulu, kwa hiyo Lulu alikuwa akitengeneza vifungo vya lulumizi, na mimi sikulibuni hilo. Alizaliwa mwaka wa 1894, mtoto wa wakulima. Alikuja mjini akitaka kupata fedha za kusomea ualimu. Alikuwa na miaka 16 hivi alipoingia kiwandani. Chama kilimtuma katika miji mikubwa kueleza habari za Muscatine na kuomba michango, kwa maana mfuko wa mgomo ulikuwa mtupu. Alisimama mbele ya wafanyakazi wa kazi nyingine kabisa, wengine wasioelewa vizuri hata lugha yake, akawaambia juu ya hesabu, juu ya mshahara wa wasichana, juu ya askari. Wakatoa walichonacho.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1912 alikwenda Lawrence, katika jimbo la Massachusetts. Huko maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo walikuwa wamegoma. Sheria mpya ilikuwa imepunguza juma la kazi kutoka saa 56 hadi 54, na waajiri wakapunguza mshahara kwa kiasi hicho hicho. Mgomo ule uliongozwa na chama kingine kilichokuwa kikishindana na AFL. Kwa kosa la kuwasaidia wenzake wa nguo, AFL ilimnyang'anya Pearl kitambulisho chake. Nimeandika jambo hili bila kulipamba, ingawa mimi ni mtu wa chama. Mara nyingine adui hahitaji kufanya kazi kubwa, sisi wenyewe tunamfanyia.

Lawrence walishinda. Muscatine walishindwa. Mwaka wa 1912, baada ya miezi zaidi ya kumi na miwili ya vuta nikuvute, mgomo ulikwisha, chama kikawa kimevunjika. Waliobahatika walirudi kwenye mashine kwa masharti ya mwajiri, waliojulikana sana hawakuchukuliwa. Pearl alirudi Iowa, akasoma, akawa mwalimu wa shule kama alivyotaka tangu mwanzo. Mwaka wa 1924, akiwa na miaka 29 tu, aliuawa kwa risasi na mtu aliyekuwa mumewe.

MTO ULIPOKWISHA

Kuna hesabu nyingine ambayo si waajiri si wafanyakazi walioihesabu mapema. Ni ile ya kome wenyewe.

Karibu na New Boston, katika jimbo la Illinois, palikuwa na eneo la mto lililojaa kome, urefu wake maili mbili hivi. Katika miaka ya 1890 zilitolewa hapo tani 10,000 hivi za magamba kwa miaka mitatu, kome kama milioni 100. Baada ya hapo wavuvi walihamia kwingine, wakamaliza, wakahama tena.

Tatizo ni kwamba kome hukua polepole, wengine huchukua miaka mingi kufikia ukubwa wa kukatwa. Tena uzazi wake ni wa ajabu. Mtoto wa kome hawezi kuanza maisha peke yake. Lazima ajishike kwenye matamvua au mapezi ya samaki, aishi hapo majuma kadhaa kama kupe, kisha aanguke chini mchangani aanze kukua. Samaki wakipungua, kome wanapungua. Serikali ya Marekani iliidhinisha mwaka wa 1908 kituo cha utafiti huko Fairport, jirani na Muscatine, na wataalamu wakawa wanawaambukiza samaki watoto wa kome kwa makusudi, kisha wanawarudisha mtoni. Kazi nzuri, lakini mto ulikuwa unatolewa kuliko unavyorudishiwa. Maji machafu ya miji na mabwawa yaliyojengwa mtoni yaliongeza hasara.

John Boepple aliajiriwa kuwasaidia wataalamu hao, kwa sababu hakuna aliyewajua kome kuliko yeye. Akiwa mtoni katika kazi hiyo alikanyaga gamba, likamkata mguu, jeraha likaingia sumu. Alikufa mwezi wa Januari 1912, wakati viwanda alivyovianzisha vikiwa katika mgomo.

Vifungo vya magamba viliendelea kwa miaka, vikishindana na zipu, kisha na plastiki. Plastiki haina usawa mbaya, haina ufa, hailoweki, na baada ya Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoshinda. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ukataji wa magamba Muscatine ulikuwa umekwisha, na viwanda vilivyobaki viligeukia plastiki. Magamba ya mto ule yalipata soko lingine huko Japani, ambako hukatwa vidonge vya kutiwa ndani ya chaza ili atengeneze lulu ya kufugwa. Na katika mji wenyewe, anayechimba msingi au kulima bustani bado hukuta magamba yenye matundu ya mviringo, kwa kuwa mabaki yalitumika kujazia barabara na viwanja.

Vifungo vya mashati yetu ya leo vingi ni vya plastiki. Kiwandani hupimwa kwa laini, na laini 40 ni inchi moja. Cha shati la kawaida ni laini 18 hivi. Nilimwomba mwenzetu wa idara ya kumalizia nguo anipe kimoja cha kushona mahali pa kile kilichokatika. Akasema hawezi, kwa sababu vimehesabiwa.

KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Someni somo hili kwa sauti, kisha jadilini. Mkataji mmoja wa Muscatine alilipwa grosi 10 kwa siku. Alikata visahani vingapi kwa jumla, na vingapi havikulipwa? Mahali penu pa kazi, nani anashika mizani au daftari la hesabu, na mfanyakazi anaruhusiwa kuliona? Andikeni makato yote yanayofanywa kabla kilo au dazeni haijaandikwa, na sababu iliyotolewa kwa kila moja. Kisha chagueni moja mnaloweza kulipima wenyewe, kama wale mama walivyopima gunia, mtuandikie mlichokiona. Msiandike jina la shamba wala la karani. Jibu la hesabu ya grosi tutalitoa katika toleo lijalo.